Docta wa Oksidi ya Nikeli

Siku ya kwanza tulipokaa meza moja katika chumba cha walimu, aliniambia kwamba somo langu limekufa na kilichobaki ni kulizika kwa heshima. Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa Kifaransa katika shule ya sekondari hapa Kamembe, mji wa mpakani kando ya ziwa. Yeye alikuwa amefundisha fizikia humo kwa miaka, na nchi ilikuwa imeshaacha Kifaransa shuleni na kuhamia Kiingereza. Nikamjibu kwamba Kifaransa chake mwenyewe kilitangulia kaburini, maana alikuwa amekosea mara mbili katika sentensi moja. Akanitazama juu ya miwani, akasogeza bakuli lake la sambaza, visamaki vya ziwani, katikati ya meza, akasema, "Kula, Maman. Na weye tutasikilizana."

Tukala meza moja miaka kumi na minne, na kwa kadiri ninavyokumbuka hatukusikilizana hata siku moja.

Watu wote walimwita Docta: wanafunzi, padri, wenye maduka ya vitambaa, hata askari wa mpaka wa Rusizi II alipovuka kwenda kuwasalimu jamaa zake Bukavu, mji wa ng'ambo aliokulia. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti lake la maabara lilikuwa limeacha kuwa jeupe kabla sijaajiriwa. Kila kipindi alikianza kwa Kiingereza, kama serikali inavyotaka, akakaa humo dakika kumi. Jambo likiwa gumu aliingia katika Kiswahili cha Bukavu. Na mwanafunzi akipiga miayo, alishuka mpaka Kimashi, lugha ya kwao aliyoitunza kwa ajili ya matusi tu. Wazazi wenye lugha hiyo walioishi karibu na shule walikuwa wakisimama ukutani kumsikiliza, wanacheka mpaka wanashika tumbo.

Watu walidhani mwalimu wa fizikia anatengeneza redio. Walimletea redio, pasi, na mara moja mashine nzima ya kusaga. Aliwafukuza wote. "Ile ni kazi ya fundi," alisema. "Fundi anafanya kazi kweli. Miye niko na chembe."

Chembe zenyewe zilikuwa katika chupa mbili ndogo alizoziweka kwenye kabati la maabara, nyuma ya betri zilizokufa. Chupa moja ilikuwa na unga wa kijani, nyingine unga uliokaribia kuwa mweusi. Zote mbili ni kitu kimoja, aliniambia: oksidi ya nikeli, yaani nikeli iliyoungana na hewa kama kutu ilivyo chuma kilichoungana na hewa. Wa kijani umepikwa kwa moto mkali, punje zake zimenenepa. Ule mweusi umepikwa kwa moto mdogo, na punje zake ni ndogo hivi kwamba maelfu na maelfu yangepangwa juu ya unene wa unywele na bado pangebaki nafasi. Kwa miaka mitano ya ujana wake, katika chuo kikuu cha nchi moja ya baridi, hakufanya kazi nyingine ila kuuliza ule unga mweusi kama ni sumaku.

"Na ni sumaku?" nikamuuliza.

"Njo swali," akasema, yaani ndilo swali lenyewe, akafunga kabati.

Nililipata jibu pamoja na shule nzima, siku aliyowatoa wanafunzi wa kidato cha tano nje, akawapanga kwenye uwanja wa bendera. Safu moja aliiambia itazame ziwa, safu ya pili ilipe ziwa mgongo, ya tatu itazame ziwa, na kuendelea hivyo mpaka mwisho.

"Sasa kila mumoja avute upande wa uso yake," akapiga kelele. "Munaenda wapi?"

"Hatuendi popote!" wakajibu.

"Voilà. Huyu anavuta huku, jirani yake anavuta kule, nguvu zinakufa. Chuma si vile. Kwa chuma wote banaangalia upande moja, njo maana chuma inavutwa. Oksidi ya nikeli ni kama bunge: iko na nguvu mingi ndani, inje haitoki kitu."

Kisha akawakata vikundi vidogo vidogo, vingine vya safu tatu, vingine vya tano, akawaambia wavute tena. Hapo kila kikundi kikaanza kusogea kidogo, kwa kuwa safu ya pembeni ilikosa wa kuipinga. "Munaona? Ikiwa kubwa, ni bubu. Ikiwa ndogo sana, bale ba pembeni banakosa mwenzi, na inaanza kusema. Kidogo tu. Sauti ya mbu. Lakini inasema."

Wakati huo direkta wetu, mkuu wa shule, alitoka ofisini pamoja na mkaguzi aliyetoka Kigali, akakuta nusu ya kidato cha tano imempa mgongo na nusu nyingine inamsogelea.

"Docta, hii ni maandamano?"

"Hapana, Bwana Direkta. Ni oksidi ya nikeli."

Mkaguzi aliandika kitu kwenye daftari lake. Hatukujua kamwe ni nini.

Alipenda zaidi sehemu ya baridi. Alisema punje ndogo hivyo, kwenye joto la kawaida, haitulii. Inageukia huku, inageukia kule, kama mzazi anayengoja matokeo ya mtihani. Ukitaka ikae upande mmoja, lazima uipoze sana, baridi ambayo Rusizi haijawahi kuiona. Na ukiipoza ikiwa mbele ya sumaku kubwa, inakumbuka upande ule hata ukiondoa sumaku. Haya aliyaeleza mbele ya mke wake, siku ya ubatizo wa mtoto wa mwenzetu mmoja, bila kuulizwa na mtu.

"Ni kama miye," akamalizia. "Chembe ilipoa mbele ya sumaku, miye nilioa mbele ya mama mukwe. Sisi wote babili hatugeuki tena. Lakini chembe ukiipasha moto inasahau. Miye hapana."

Mke wake, mwanamke wa Giheke mwenye mashamba na ng'ombe wawili, aliyekuwa akimwita "mwenye vumbi", alimimina bia ya mumewe ndani ya glasi ya padri, akaendelea na mazungumzo yake.

Sitaki mtu afikiri alikuwa shujaa wa akili dhidi ya ujinga. Aliimba besi katika kwaya ya parokia, vibaya sana, na hakuna aliyethubutu kumtoa. Aliwacheka watu wanaovaa hirizi, lakini tulipotumwa kisiwani Nkombo kusimamia mitihani, alipanda mtumbwi wa injini akiwa ameshika rozari kwa mikono miwili, akaisali kwa sauti kutoka nchi kavu hadi kisiwani. Ziwa lilikuwa limetulia kama sahani. Nikamuuliza kama anajua kwa nini vyombo huelea. "Najua," akasema bila kufumbua macho. "Najua pia juu ya nini vinazama. Unyamaze, Maman, umenipoteza hesabu." Na alipokosea sala, alirudi mwanzo.

Jambo lililomfanya azungumzwe mji mzima lilianza kwa mama yangu.

Mama alikuwa na ugonjwa wa presha, na kwa miaka alimeza kidonge kimoja kila asubuhi akikilalamikia. Kisha akaja Kamembe bwana mmoja mwenye suti ya buluu na kipaza sauti, akiuza chupa za maji meusi. Kwenye karatasi ya chupa paliandikwa "Nano Nikeli". Alisema chembe zilizomo ni ndogo hata zinaingia ndani ya damu, ni sumaku, na zinavuta uchafu wote unaosababisha presha, sukari na ugumba. Mama alinunua chupa mbili na akaacha vidonge. Baada ya wiki tatu miguu yake ilikuwa imevimba, kichwa kinamgonga, naye anasema ni uchafu unatoka.

Nilimpelekea Docta chupa moja chumba cha walimu. Akasoma karatasi, akaisoma tena, akawa wa rangi nyingine.

"Nikeli?" akasema. "Banasema nikeli?"

Bwana wa suti alikuwa ameshasikia kwamba Kamembe kuna docta wa mambo haya haya. Alimwalika kwenye mkutano wake wa Jumamosi, katika ukumbi ulio karibu na soko, ili aje aseme neno moja la kitaalamu. Nadhani alimwahidi bahasha. Docta akakubali upesi hivi kwamba mimi mwenyewe nilimshuku.

Ukumbi ulijaa. Mama yangu alikaa mstari wa mbele na miguu yake juu ya kigoda. Bwana wa suti alimkaribisha Docta kwa makofi, na Docta akatoa mfukoni sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya zamani. Akaichukua chupa, akaiinua watu waione, akaigusisha sumaku ubavuni. Weusi wote uliokuwa umetulia chini ukapanda kwa kasi, ukajikusanya pale penye sumaku kama nyuki.

Watu wakapiga makofi. "Mnaona nguvu!" akasema bwana wa suti.

"Muache makofi," akasema Docta. "Hii njo alama ya uongo. Miye nimeishi na oksidi ya nikeli miaka mitano. Ile kitu ni sumaku ya mbu. Kuisikia, nilitumia mashine kubwa kama gari na baridi ya kuua ng'ombe. Haiwezi kukimbilia kipande ya spika. Hii iko ndani ni vumbi ya chuma. Ni kutu nyeusi." Akaitikisa chupa. "Na kama bale batu ba kiwanda balisema kweli, na ni nikeli, basi muko munakunywa sumu. Ama ni uongo, ama ni sumu. Muchague."

Ukumbi ukaanza kunguruma. Mwanamke mmoja akaitazama chupa yake kana kwamba imemng'ata. Lakini bwana wa suti hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Akakisogeza kipaza sauti mdomoni, akauliza kwa upole sana:

"Mzee wetu, wewe ni docta wa wapi? Cheti chako kiko wapi? Chuo gani kilikupa?"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nikangoja amtukane kwa Kimashi. Hakumtukana. Alitazama sakafu. Angeweza kutaja chuo chochote. Nani kati yetu angekwenda kuuliza?

"Miye si docta," akasema.

Nje wauza nyanya waliendelea kuita wateja.

Akasimulia pale pale, amesimama, sumaku mkononi. Katika mwaka wake wa mwisho unga mweusi ulianza kuonyesha usumaku mkubwa, mkubwa kuliko wa mtu yeyote aliyetangulia. Profesa wake alifurahi, makala ikaandikwa, siku ya kutetea tasnifu ikapangwa. Asubuhi moja hakuona kijiko cha maabara, kile cha chuma, akachota unga kwa kijiko cha plastiki alichokuwa ametumia kula maziwa ya mgando. Mashine ikaonyesha usumaku kidogo tu. Alirudia wiki nzima. Kila alipochota kwa chuma, unga ulisema kwa nguvu. Kwa plastiki, sauti ya mbu. Ule unga uliokauka ulikuwa mgumu, na alipoukwangua bakulini kwa kijiko cha chuma, kijiko kiliacha ndani yake vumbi lisiloonekana. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa amepima kijiko.

"Nikaenda kwa profesa. Akaniambia, andika sentensi moja chini kabisa, kwa herufi ndogo, tuendelee. Bourse yangu, ile pesa ya masomo, ilibaki wiki sita. Kurudia kazi yote ni mwaka muzima. Nikasema siwezi kuweka jina yangu kwa kijiko. Nikarudi nyumbani mikono mitupu." Akajipangusa paji la uso. "Nilipofika, ndugu zangu balikuwa bamepika, bamekodi viti, bananiita Docta. Mama yangu alikuwa analia kwa furaha. Nilitaka kubaambia kesho. Kesho yake nikasema kesho. Kule nilikataa uongo ndogo kama vumbi. Hapa nilivaa uongo kubwa kama koti. Njo basi. Lakini ile chupa, muimwage."

"Mmesikia!" akapaza sauti bwana wa suti. "Mwongo anawafundisha ukweli!"

Nusu ya watu walimcheka Docta, na nusu wakamzunguka bwana wa suti wakitaka haki yao. Yeye akatoka kwa mlango wa nyuma, na baada ya siku ile hakuonekana tena upande huu wa mpaka. Docta alishuka jukwaani peke yake. Watu walimpisha njia kama wanavyompisha mwenye msiba.

Mama hakumwaga chupa.

"Kama si docta," akaniambia njiani, "juu ya nini nimusikie?"

Nilibishana naye siku mbili, nikalia, nikanyamaza. Siku ya tatu, saa kumi jioni, Docta akabisha hodi. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba mama amekataa. Akaketi kwenye kiti kilichomkabili, akaweka kofia gotini.

"Maman, shikamoo. Nimekuja kukuona umeze kidonge."

"Wewe si docta."

"Oya, miye si docta. Sina haraka pia."

Akaanza kumweleza habari za oksidi ya nikeli. Alimweleza safu za uwanjani, alimweleza baridi, alimweleza mashine na pampu zake. Mama aliomba maji, akaomba mto, akajifanya amelala. Docta aliendelea. Kulipokaribia magharibi mama akasema, "Lete hicho kidonge, mwanangu, huyu mtu aende kwake." Akameza mbele yake, akafungua mdomo kumwonyesha. Kesho yake saa kumi Docta alirudi. Alikuja siku kumi na moja mfululizo, na kila siku kidonge kilimezwa mapema kidogo kuliko jana yake, mpaka siku ya mwisho mama alimngoja langoni akiwa ameshakimeza, akamzuia asiingie. Miguu yake ilirudi kuwa miguu. Chupa niliimwaga mwenyewe, naye akajifanya hakuona.

Shuleni hali ilikuwa mbaya zaidi. Wanafunzi walimwandikia "Kijiko" ubaoni. Direkta alimwita, akatoka huko akaenda moja kwa moja maabarani. Kwa majuma kadhaa hakuja chumba cha walimu. Alikula sambaza zake maabarani, mlango umefungwa, na mimi nilikula peke yangu kwenye meza ile nikagundua jinsi ilivyokuwa kubwa. Sikwenda kumgongea. Niliogopa kumkuta analia, na sikujua ningemwambia nini mtu aliyekuwa na jibu la kila kitu.

Kisha asubuhi moja aliingia, akavuta kiti chake, akatazama nyuso zetu zote zilizojifanya zinasahihisha madaftari.

"Sasa," akasema, "nani ameiba sukari?"

Hapo tukaendelea. Alijaribu kukataa jina lile. Mtu akimwita Docta, alisema, "Sina hiyo." Walimwitikia "Sawa, Docta," na kupita. Akachoka.

Alistaafu, akahamia Giheke kwenye mashamba ya mke wake, na kwa muda mrefu nilisikia habari zake kwa watu tu. Mwaka jana mke wake akanipigia simu. Macho ya mzee yamefunga kwa mtoto wa jicho, akasema, atapasuliwa jicho moja kwenye kliniki ya Kamembe, na yeye hawezi kukaa kule kumsikiliza akiwafundisha madaktari kazi yao. Nikaenda mimi.

Siku ya kufungua bandeji nilisimama mbele yake. Nesi akaondoa pamba polepole. Docta akapepesa jicho, likatoa maji, akanitazama. Alinitazama muda mrefu, kwa utulivu.

"Maman," akasema, "umezeeka vibaya."

Nesi alishtuka. Mimi nikacheka mpaka nikatafuta pa kukaa.

Tulitoka kukaa kwenye benchi ya baraza ya kliniki, tungoje karatasi zake. Alikuwa akifumba jicho jipya, akilifumbua, akiusoma ukuta wote, mpaka jina la fundi aliyetengeneza mlango. Kisha akasema bila kunigeukia:

"Nilikosa?"

"Kukosa nini?"

"Yote. Ningeandika ile sentensi ndogo, ningekuwa profesa leo, niko na gari. Ama siku ile ya ukumbi ningetaja tu chuo, bangeniamini bote, na mama yako angemeza kidonge mara moja. Nilisema ukweli mara mbili, na mara zote mbili hakuna muntu aliyefaidika."

Katika miaka yote ile hakuwahi kuniomba maoni. Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Kwamba Jumamosi ile ya ukumbi, droo yangu ilikuwa na karatasi za mtihani za mtoto wa direkta. Kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa nikimpa alama za kufaulu somo ambalo hakujua hata kulisalimia, kwa sababu direkta aliniomba kwa upole na mimi nilikuwa na hofu ya kazi. Na kwamba Jumatatu, baada ya kumsikia yeye ukumbini, nilizikata alama zile kwa wino mwekundu, nikaandika zake halisi, nikazipeleka ofisini kwa mkono wangu mwenyewe.

Alinigeukia mwili mzima.

"Njo maana alikurudisha kwa batoto ba kidato cha kwanza? Miaka mibili?"

"Ndiyo."

"Na ulituambia uliomba mwenyewe! Ulisema unapenda batoto!"

"Siwapendi hata kidogo."

Akaanza kucheka. Kwanza mabega, kisha benchi nzima ikawa inatikisika, na machozi yakamtoka kwenye macho yote mawili, la zamani na lililopasuliwa. Nesi akaja mbio kutoka ndani.

"Mzee! Tulisema usilie! Nani amekuliza?"

"Huyu," akasema Docta, akininyooshea kidole. "Mukamate huyu. Ameninyamazia miaka yote hii."